Barua kwa Mwanangu: Utamu wa Tamthilia za Vijana

Mpendwa mwanangu Zuhura,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba wewe mzima na kwamba umeanza kuizoea kazi ya kuandika miswada ya televisheni. Umeniambia kwamba umemaliza kutazama Heartstopper, ile tamthilia ya Uingereza ya Charlie na Nick, wavulana wawili wa sekondari wanaopendana, kisha ukaniuliza iwapo mwandishi anayeyaonyesha mapenzi ya vijana mashoga kwa utamu wote ule hawadanganyi vijana wenyewe, ilhali wengi wao hawauonji utamu huo nyumbani wala shuleni. Umeniuliza mimi kwa sababu nilifanya kazi katika maktaba ya shule huku Uingereza miaka mingi, na kwa sababu unajua sikosi tamthilia.

Kwa maoni yangu, utamu ule si udanganyifu. Ni jibu, tena jibu lililochelewa, na huwezi kulipima bila kujua linajibu nini. Mwaka 1994 televisheni ya Marekani ilionyesha My So-Called Life, ambamo kulikuwa na kijana aitwaye Rickie, aliyeigizwa na Wilson Cruz. Rickie alipendwa na watazamaji, lakini angalia alichopewa na hadithi: alipigwa, akafukuzwa nyumbani majira ya Krismasi, akalala nje, mpaka mwalimu wake akampokea. Machozi alipewa, mpenzi hakupewa. Cruz mwenyewe alikuwa amefukuzwa na baba yake baada ya kumwambia kwamba ni shoga, na amesimulia kwamba baba huyo alipokitazama kipindi kile, ndipo walipoanza kupatana. Kwa hiyo sisemi kwamba hadithi za huzuni hazikuwa na kazi. Hiyo moja ilirudisha mtoto kwa mzazi wake. Ila kijana aliyeketi mbele ya televisheni akitafuta mfano wake alijifunza kwamba mtu kama yeye huhurumiwa, basi. Hata busu la kwanza la mahaba kati ya wanaume wawili katika tamthilia za vituo vikuu vya televisheni vya Marekani, lile la Jack katika Dawson's Creek, lilisubiri hadi Mei 2000, na mwandishi Greg Berlanti amesema kwamba alilazimika kutishia kuacha kazi ndipo likubaliwe.

Huku Uingereza hali ilikuwa na sura nyingine. Tangu mwaka 1988 kulikuwa na kifungu cha sheria, maarufu kama Kifungu cha 28, kilichozikataza serikali za mitaa "kukuza" ushoga, na ingawa hakikumtaja mwalimu wala mkutubi, hofu ilitufikia sote. Kitabu chenye kijana wa namna hiyo kilikuwa hakiagizwi, na mtoto aliyetukanwa kwa jambo hilo alikuwa hajibiwi kwa ukamilifu. Kilifutwa Scotland mwaka 2000, na England na Wales mwaka 2003. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1994, tamthilia ya watoto ya BBC iitwayo Byker Grove ilimwonyesha kijana Noddy akimbusu rafiki yake Gary ndani ya sinema, na magazeti yakapiga kelele kana kwamba nchi imevamiwa. Alice Oseman, aliyeandika Heartstopper, alizaliwa mwaka huohuo. Shule anayoionyesha, yenye mwalimu wa sanaa anayemfungulia Charlie darasa lake wakati wa chakula cha mchana, ni shule ambayo kizazi kilichomtangulia hakikuruhusiwa kuwa nayo.

Na hapo kwenu Kenya unajua vizuri kuliko mimi yaliyoipata Rafiki mwaka 2018. Ile ni filamu, si tamthilia, na wahusika ni wasichana, lakini inahusu swali lako moja kwa moja, kwa sababu mwongozaji wake, Wanuri Kahiu, alieleza kwamba bodi ya filamu ilimtaka abadilishe mwisho, ikiuona una matumaini kupita kiasi. Akakataa, filamu ikapigwa marufuku, kisha Mahakama Kuu ikairuhusu kwa siku saba. Mapenzi yenyewe yangevumilika kama yangeishia kwenye majuto. Anayekuambia kwamba mwisho mwema ni jambo dogo, la kuwafurahisha watoto, mkumbushe hilo.

Hata hivyo, ukiniuliza ni ipi iliyo bora, sitaitaja Heartstopper. Nitaitaja Skam ya Norway, msimu wake wa tatu, wa mwaka 2016. Julie Andem aliyeitunga aliwahoji vijana wengi kabla ya kuandika, na shirika la utangazaji la NRK likawa linaweka kila onyesho kwenye tovuti yake siku na saa ileile linapotokea katika hadithi, hata mtazamaji akasubiri ujumbe wa simu pamoja na mhusika. Isak, kijana ambaye msimu huo unamhusu, si malaika. Anawadharau mashoga wanaojipamba na kuandamana, mpaka Eskild, anayeishi naye nyumba moja, anamkumbusha kwa ukali kwamba ni watu haohao waliopigania nafasi anayoifaidi. Anamwambia Even, mvulana anayempenda, kwamba hataki wagonjwa wa akili maishani mwake, akimkusudia mama yake mzazi, bila kujua kwamba Even ana maradhi ya aina hiyo. Baadaye anamwandikia mama huyo, mcha Mungu sana, kwamba ana mpenzi wa kiume, na jibu analopata ni la upendo. Mimi kama mzazi, hapo ndipo niliposimamisha picha. Utamu wa Skam unatoka kwa mtu aliyemkosea mwenzake na akabaki, na ndiyo maana hauishi haraka.

Katika Heartstopper msimu wa kwanza, mama yake Nick, anayeigizwa na Olivia Colman, anajibu vizuri mno papo hapo, utadhani ameandikiwa majibu. Najua wazazi wa namna hiyo wapo. Lakini wengi tunaowajua hunyamaza kwanza, husema neno baya, huenda jikoni, hurudi, na mwandishi mzuri angeupenda huo muda wa kwenda na kurudi. Oseman naye aliliona pengo, nadhani, kwa maana msimu wa pili rafiki yao Darcy, msichana mwenye mpenzi wa kike, anaondoka nyumbani baada ya kugombana na mama yake, na msimu wa tatu, wa mwaka 2024, Charlie analazwa hospitali kwa sababu ya ugonjwa wake wa kutokula. Utazame huo kabla hujaamua kwamba yote ni sukari.

Jambo la mwisho, kwa kuwa utafanya kazi na waigizaji. Kit Connor, anayeigiza Nick, alishinikizwa na watazamaji mitandaoni aseme yeye ni nani, na Oktoba 2022, akiwa na miaka 18, akaandika kwamba anavutiwa na wanaume na wanawake, akiongeza kwamba wamemlazimisha kulisema. Watazamaji hao walikuwa wametazama vipindi vinane vinavyohusu kijana kupewa muda wake. Kwa hiyo ukiandika chako, zungumza na waigizaji mapema juu ya maswali watakayoulizwa, na uwaambie wana haki ya kutojibu. Nitumie mswada ukiwa tayari, hata kama ni kurasa chache.

Mama yako akupendaye.