Vidonge vya madini na kitambi

Ndugu yangu wa Mwanga hapo Kigoma mjini, umeuliza ukimeza kromiamu, zinki na magnesiamu huku unakimbia asubuhi kama kitambi kitaisha fasta na misuli itoke. Mi nakwambia tu ukweli, hiyo kromiamu wanayoinadi imeshapimwa sana na tofauti kwenye uzito ni ndogo mno, hata mkanda haujui. Madini yanasaidia ukiwa umepungukiwa, mfano damu ikiwa ndogo kwa kukosa chuma utahema kabla hujamaliza ule mlima wa kutoka stesheni, ila chuma usijimezee kabla hujapima damu. Zinki nayo isipite miligramu 40 kwa siku, ukizidisha muda mrefu mwili unashindwa kufyonza shaba. Na kama figo zina shida magnesiamu achana nayo mpaka daktari aseme.

Halafu we uko Kigoma bwana, hela ya kopo moja la vidonge unanunua dagaa wa mwalo wa Kibirizi wa wiki ngapi! Wale unawatafuna na mifupa yake, kalsiamu hiyo, weka na maharage, chai ya rangi isogeze mpaka saa moja baada ya kula maana inazuia mwili kufyonza chuma.

Mazoezi ndo yenyewe: dakika 150 kwa wiki za kutembea haraka, na siku 2 za nguvu, pushapu, skwati umeshika ndoo ya maji (mi ya lita 20 ilinimwagikia yote siku ya kwanza, anza na nusu). Usihangaike na mizani, pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani kila baada ya wiki 2.