Kabla hujachomeka spika ya pili, soma omu

Amplifaya yangu ya kwanza ya gitaa iliungua harusini, maharusi wakiwa ndiyo kwanza wanaingia ukumbini. Nilikuwa nimeazima boksi la pili la spika ili gitaa lisikike hadi meza za nyuma. Nyimbo tatu sauti ilijaa vizuri, ya nne ikaanza kukwaruza, ikaja harufu ya kuungua, kisha kimya. Tulimaliza shughuli kwa kinanda.

Fundi alipoifungua alikuta transista zinazosukuma spika zimekufa. Akaniuliza, "Mdogo wangu, hayo maboksi yalikuwa omu ngapi?"

Omu ni kipimo cha jinsi spika inavyokinza umeme, na mimi sikuwahi kuangalia. Kila boksi lilikuwa la omu 4, na nyuma ya amplifaya paliandikwa mzigo, yaani omu za spika zote kwa pamoja, usishuke chini ya omu 4. Mimi nilidhani 4 na 4 ni 8. Sivyo. Matundu mawili ya spika nyuma ya amplifaya kwa kawaida huunganishwa sambamba: umeme unapata njia mbili badala ya moja, kwa hiyo omu zinapungua. 4 na 4 zikawa 2, transista zikalazimika kutoa mkondo mkubwa kuliko uwezo wake, joto likaziua. Kama maboksi yangekuwa ya omu 8 kila moja, jumla ingekuwa 4 na tungecheza hadi asubuhi.

Omu hujumlishwa pale tu spika zinapofuatana kwenye waya mmoja. Ndiyo maana boksi la spika nne za omu 8 linaweza kubaki omu 8: mbili zinafuatana zinakuwa 16, jozi mbili za 16 zikiwekwa sambamba zinarudi 8.

Kwa amplifaya ya transista, kuzidisha omu hakuna hatari. Ukiweka spika ya 8 pale panapokubali 4, nguvu inashuka kufika karibu nusu, lakini sikio halisikii nusu. Linasikia upungufu mdogo tu.

Amplifaya ya valvu, yaani inayotumia taa za kioo badala ya transista, ni habari nyingine, na hapa nakusihi uwe makini. Ina transfoma kati ya valvu na spika, kwa hiyo swichi au tundu lifanane na spika yako: 4, 8 au 16. Na usiiwashe ukapiga bila spika, hata kwa kujaribu kidogo. Volteji ikikosa pa kwenda hupanda ndani ya transfoma hadi kutoboa kinga ya nyaya zake, na transfoma hiyo ni ghali.

Ukinunua spika ya mtumba isiyo na maandishi, ipime kwa mita ya kupimia omu. Ikisoma 6 au 7, usimlaumu muuzaji; hiyo ni ya omu 8. Mita hutumia umeme wa betri, na spika hukinza zaidi umeme wa sauti unaopanda na kushuka.

Halafu waya: ule wa gitaa ni mwembamba ndani, usiutumie kwenye spika. Nunua waya wa spika wenye nyuzi nene mbili.