Ukifungwa, wahi kijiweni

Jumatatu ya tarehe 6 Novemba 2023 nilitoka nyumbani kupitia uchochoro wa nyuma ya msikiti. Njia yangu ya siku zote inapita mbele ya kijiwe cha kahawa, na pale kijiweni, katika watu kumi na wawili hivi wanaokaa asubuhi, tisa ni Yanga. Jana yake walikuwa wametufunga sisi Simba tano kwa moja.

Hadi mapumziko tulikuwa moja moja, Musonda kafunga, Kibu Denis karudisha, na mimi nilikuwa naongea sana. Nilitoka kwenye kibanda umiza, pale mtaani tunapolipia kuangalia mpira, Nzengeli alipoweka la nne. La tano, penalti ya Pacome, nililijua kwa kelele za mtaa nikiwa nafungua geti. Nikazima simu. Nikaizima siku tatu.

Mimi ni fundi friji. Siku hizo tatu mwenye bucha mmoja wa Kigamboni alinitafuta, friji zake mbili zimekata ubaridi na nyama imo ndani. Hakunipata, akaita fundi mwingine, na yule fundi ndiye wake mpaka leo. Nikipiga hesabu ya kile kipigo huwa simweki kipa wala beki. Naiweka ile bucha.

Siku ya nne nikajitokeza. Muuza kahawa alikuwa ananisubiri, sijui alijuaje kwamba ni siku hiyo. Akapanga vikombe vitano upande mmoja wa benchi na kimoja upande wa pili, akanionyesha kile kimoja: "Hicho ndicho chako, kaka." Watu walicheka hadi mzee mmoja akapaliwa na kashata. Na hawakuishia hapo. Kila aliyepita aliitwa aje aone vikombe, wiki nzima.

Hapo ndipo nilipojifunza ninachotaka kukuambia, wewe Mwanasimba mwenzangu, au wewe wa timu nyingine yoyote inayokukondesha. Mpira wenyewe unauma dakika tisini na labda usiku mmoja. Kinachokaa mwilini ni mtani, na mtani ukimkimbia anakuwekea akiba. Utani wa jadi una tabia ya deni la dukani: usipopita unaandikwa, na siku ukipita unasomewa daftari lote.

Kwa hiyo siku hizi nikifungwa nawahi. Tarehe 25 Juni 2025 tulihitaji kuifunga Yanga ili tuchukue ubingwa. Tulikuwa tumeimba Ubaya Ubwela, kaulimbiu yetu, msimu mzima. Mechi yenyewe ilikuwa ya Machi, ikaahirishwa, ikabishaniwa miezi mitatu, na ilipochezwa tukalala mbili bila: Pacome kwa penalti, tena yeye, na Mzize. Ubingwa wa nne mfululizo ukaenda Jangwani, makao ya Yanga. Sikulala vizuri, sitakudanganya. Lakini saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa benchini, nimevaa jezi nyekundu, nimeagiza kahawa kabla hawajafika wote. Wakaja mmoja mmoja. Wakasema. Nikawajibu mawili matatu ya kujitetea, mengi nikayaacha yapite. Kufika saa mbili walikuwa wanabishana wao kwa wao kuhusu bei ya saruji. Kumsema mtu aliyekuja mwenyewe hakuna raha.

Ila kuna sharti. Usiende na sababu. Ukianza "refa yule" au "kama si ile kadi" umewasha moto upya, na utabishana hadi adhuhuri. Na sababu mbaya kuliko zote ni ile ya kwetu wenyewe, kwamba mechi imeuzwa, fulani kala hela, kipa kahujumu. Nimeisema mara nyingi nikiwa kijana, bila ushahidi hata wa shilingi. Ukishaanza kuamini kwamba wachezaji wako wanauza mechi, unaenda uwanjani kutafuta nini?

Kuhusu kocha afukuzwe sina maneno mengi. Baada ya zile tano tulipiga kelele, Robertinho akaondolewa siku chache tu baadaye, nami nilishangilia. Akaja Benchikha, naye Aprili akaondoka. Mgunda akamalizia msimu tukawa wa tatu: pointi sawa na Azam, wao wakatupita kwa magoli, wakaenda Ligi ya Mabingwa sisi tukabaki na Kombe la Shirikisho. Akaja Fadlu Davids. Ubingwa haukuhama. Sisemi makocha wasifukuzwe, nasema kelele zangu hazikunirudishia kitu, na koo liliniuma.

Hela sasa. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Usiibetie timu yako. Watu hudhani ukiwa na hasira na timu ndipo unaijua vizuri, kwa hiyo mkeka wako utakuwa wa akili. Mimi mwaka mmoja niliweka hela ya ada kwenye ushindi wetu, nikijiambia kwamba hawawezi kupoteza tena baada ya sare mbili. Wakapata ya tatu. Nikawa na uchungu wa timu na uchungu wa hela kwa wakati mmoja, na mke wangu ambaye mpira haumhusu akaingizwa kwenye uchungu asioujua. Niliazima kwa shemeji yangu. Shemeji ni Yanga. Hebu fikiria hayo mazungumzo.

Tiketi, jezi, nauli, hayo sawa, panga kiasi cha mwezi na kikiisha angalia kwenye kibanda au sikiliza redio. Zaidi ya hapo timu haikudai. Haijui hata kama upo.

Najua utaniuliza: basi si bora kuacha kabisa? Nimejaribu. Oktoba 2013, Uwanja wa Taifa, kabla haujaitwa Mkapa. Ilikuwa miaka yetu ya tabu ile nyingine. Ubingwa wa 2011/12 tulimalizia kwa kuwapiga Yanga tano bila, halafu tukakaa misimu mitano bila kuugusa, tukamaliza wa tatu, wa nne, michuano ya Afrika tukawa tunaitazama kwenye televisheni kama wageni. Siku ile hadi mapumziko Yanga walikuwa wanaongoza tatu bila, Ngassa moja, Kiiza mbili. Nikasimama, nikamwambia jirani yangu wa kiti, "Mimi na hii timu basi," nikatoka. Nilikuwa nimeshapanda daladala niliposikia kelele za kwanza. Nikadhani ni la nne letu la kufungwa. Kelele za pili konda akapokea simu, akacheka. Za tatu nilikuwa nashuka kituoni. Mombeki, Owino, Kaze. Tatu tatu.

Nilikuwa na tiketi ya mechi ile mfukoni, nimeilipia, na magoli yetu yote matatu sikuyaona. Jirani yangu wa kiti simjui jina, lakini naamini anaisimulia hadi leo habari ya yule mjinga aliyetoka.

Tangu siku hiyo sitoki. Si kwamba timu itarudisha, mara nyingi hairudishi. Ni kwamba timu inayosuasua haisuasui kwa mstari ulionyooka. Msimu wa 2018/19 kwenye makundi ya Ligi ya Mabingwa tulipigwa tano bila Kinshasa na AS Vita, mechi iliyofuata tukapigwa tano bila na Al Ahly kule Misri. Kumi ndani ya mechi mbili. Mtu yeyote mwenye akili timamu angefunga daftari. Wiki moja na kidogo baadaye Ahly wakaja Dar, Kagere akawafunga, na Machi tukiwa na Vita nyumbani Chama akapiga la mwisho la mbili moja tukaingia robo fainali. Ungenikuta usiku ule ungedhani nimerithi nyumba.

Baba yangu ana lake la zaidi. Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF, ikatoka sare ya bila kufungana na Stella kule Abidjan, ikarudi Dar es Salaam kumaliza kazi, ikafungwa mbili bila. Mzee alikuwepo. Mpaka leo ukimtajia jina Stella anauliza kama chai imeiva. Mei 2025 tulipofika fainali ya Shirikisho na Berkane ya Morocco, tukafungwa mbili kwao na kutoka moja moja Amaan, Zanzibar, nilikaa naye sebuleni. Walipotusawazishia dakika za mwisho hakusema neno. Aliinuka, akazima televisheni, akasema, "Sasa tuko wawili." Sijui kama alikuwa ananifariji. Lakini nilijisikia nafuu kuliko siku zote nilizofungwa nikiwa peke yangu, na ndiyo maana nakwambia usiangalie mechi kubwa peke yako, hata ukijua utalia.

Kuna jambo moja sijalimaliza mwenyewe. Mwanangu ana miaka tisa. Ubingwa wetu wa mwisho, ule wa 2020/21, alikuwa mdogo mno kuukumbuka. Kwake Simba ni timu ya kufungwa na Yanga, na shuleni wanamwita Kolo, jina la kutucheka sisi wa Simba. Mwaka jana alirudi analia. Nikaanza kumsomea historia, Chama, Kagere, tano bila ya 2012, akanisikiliza kwa adabu kama watoto wanavyosikiliza habari za vita. Kisha akasema, "Baba, mimi nataka Yanga."

Nilitaka kukasirika. Nikakumbuka kwamba mimi Simba nilipewa na mzee wangu bila kuulizwa, na kwamba mtoto wa miaka tisa hana bucha ya kupoteza ila ana marafiki. Nikamwambia sawa. Jumamosi nikaenda Kariakoo, duka ambalo hawanijui, nikanunua jezi ya kijani na njano saizi ya mtoto. Muuzaji akauliza nataka kuiangalia kwanza au vipi. Nikamwambia aifunge kwenye gazeti, tena mara mbili, na nyumbani nikarudi kwa kupitia nyuma ya msikiti.