Mume amenuna kwa sababu ya trasti: anuiti yangu iingie humo?

*Shangazi, nina miaka 62, ni nesi, naishi Minneapolis. Nilipouza nyumba yangu ya kwanza nilinunua anuiti ya dola 150,000, yaani mkataba wa bima wa kuweka fedha zikue na kulipwa baadaye. Nina watoto wawili wa ndoa iliyopita. Mdogo, mwenye miaka 24, ana usonji na anapokea SSI (posho ya serikali kwa wenye ulemavu na kipato kidogo) na Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo). Wakili ameniandikia trasti, yaani hati ya kuweka mali chini ya msimamizi kwa faida ya walioandikwa, ile ya kuandikwa mtu angali hai, na anataka anuiti iingie humo pamoja na nyumba ninayokaa. Mume wangu, tuliyeoana miaka sita iliyopita, amenuna. Anasema naficha mali asiipate. Nifanyeje?*

Mwanangu, pole kwa kununiwa ndani ya nyumba yako mwenyewe. Tuanze na anuiti, maana ikikaa sawa hata mazungumzo na mumeo yatakuwa mepesi.

Usihamishe umiliki wake. Watu huandika trasti ili mali isipitie kesi ya mirathi mahakamani, na kwa nyumba wakili wako yuko sahihi kabisa. Lakini anuiti ni mkataba kati yako na kampuni ya bima, na tayari una fomu ya wanufaika. Ukifariki, kampuni inamlipa aliyeandikwa pale bila kusubiri jaji; hata wosia ukisema vingine, fomu ndiyo inayofuatwa. Kuihamishia kwenye trasti unayoweza kuivunja mwenyewe kwa kawaida hakuleti kodi papo hapo, ila sioni unachopata. Ingekuwa ndani ya akaunti ya kustaafu ya IRA ningekukataza kwa nguvu: kubadili mmiliki huhesabiwa kwamba umezitoa fedha zote, na kodi inadaiwa.

Kwa hiyo fomu hiyo ndiyo ya kukaa nayo. Ameandikwa nani sasa hivi? Hukuniambia, na hilo linanitia wasiwasi. Wengi huijaza siku ya kununua wasiitazame tena, hata baada ya ndoa mpya. Piga simu wakutumie nakala wiki hii.

Fungu la mumeo liandike kwa jina lake. Sheria ya kodi ya Marekani inamruhusu mjane au mgane aliyetajwa kwa jina auendeleze mkataba kama wake, faida ikikua bila kukatwa kodi hadi atakapoitoa. Ikitajwa trasti, kwa kawaida fedha zote lazima zitoke ndani ya miaka 5. Na faida inayobaki ndani ya trasti hutozwa kwa ukali: mwaka 2025 trasti ilifikia kiwango cha asilimia 37 mapato yakizidi dola 15,650 tu, wakati mtu asiye na ndoa alikifikia yakizidi dola 626,350. Mwanao mkubwa naye mtaje kwa jina.

Sasa huyu mdogo, ambaye ndiye ninayemuwaza zaidi. Usimwandike kwa jina kamwe. SSI inamtaka asimiliki akiba ya zaidi ya dola 2,000. Cheki moja ya bima inaweza kumkatia posho na kuyatia matibabu yake mashakani. Mwombe wakili amwandikie trasti ya mahitaji maalumu, ambayo humshikia fedha bila kuhesabiwa kuwa akiba yake, na fungu lake kwenye fomu liende huko. Ile kodi kali itapungua msimamizi akizitumia fedha kwa mahitaji ya kijana. Hata isipopungua sana, afadhali kodi kuliko akose huduma.

Kabla hujaituma fomu, kaa na mumeo, umwonyeshe mafungu yote kwa asilimia zake. Mweleze unavyomhofia kijana siku utakapokuwa haupo. Nahisi hujawahi kumtamkia hilo, naye amejaza ukimya huo kwa dhana zake. Kama unamwamini, mteue kwenye hati ya uwakilishi itakayoendelea kufanya kazi hata ukipoteza uwezo wa kuamua, ili aweze kushughulika na kampuni ya bima kwa niaba yako. Akiendelea kununa, nendeni wote kwa wakili akaulize mwenyewe. Ana haki ya kujibiwa, ila mgawanyo unabaki uamuzi wako, ndani ya mipaka ya haki anazopewa mwenzi na sheria ya jimbo lenu.