Lita Tatu za Maji na Bakuli la Saladi: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi wazima, na baba yako anakusalimu. Ujumbe wako nimeusoma taratibu. Unasema programu uliyoweka kwenye simu inakutaka unywe lita tatu za maji kila siku, nawe unaitii. Mchana unakula bakuli la saladi na chupa ya juisi ya matunda. Hata hivyo, ikifika saa tisa alasiri mwili umelegea na kichwa kinagonga, na usiku unaamka kwenda haja ndogo. Unauliza kama uongeze maji, au ununue ule unga wa madini wa kuchanganya kwenye chupa.

Maji usiongeze. Unayokunywa yanatosha na kubaki. Kwa jinsi ninavyokusoma, wewe una njaa, ila njaa yako unaizima kwa maji.

Nianze na hizo lita tatu. Mamlaka ya Ulaya ya Usalama wa Chakula iliweka viwango vyake mwaka 2010: lita 2.0 kwa siku kwa mwanamke mtu mzima, lita 2.5 kwa mwanamume, pale ambapo hakuna joto kali wala kazi ya jasho. Sasa sikiliza vizuri: hicho ni kiasi cha maji yote, yakiwemo yaliyomo ndani ya chakula, ambayo huwa asilimia 20 hadi 30. Ukiyatoa hayo, mwanamke wa kazi ya mezani kama wewe anabakiwa na kama lita moja na nusu ya kunywa, na chai imo humo humo. Huko Marekani nako, mwaka 1945, Bodi ya Chakula na Lishe ilitaja lita 2.5 kwa siku, ikaongeza palepale kwamba sehemu kubwa ya maji hayo tayari imo katika chakula. Watu wakabeba tarakimu, maelezo wakayaacha njiani. Programu yako nayo haijui kama leo umekula mchuzi na tikiti maji au umeshinda na biskuti kavu. Inahesabu glasi tu.

Mwili wenyewe una kipimo kizuri kuliko simu. Ndani ya ubongo kuna seli zinazoonja ukali wa damu muda wote. Damu ikikolea kwa asilimia moja au mbili tu, unasikia kiu, na ubongo unaachilia homoni iitwayo vasopresini inayoziambia figo zibane maji. Mkojo unapungua na kukolea rangi. Ukinywa, homoni inashuka na figo zinafungulia. Figo hizo huchuja kama lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu kila siku, kisha hurudisha karibu yote mwilini na kutoa lita moja au mbili tu za mkojo. Kwa hiyo maji ya ziada hayawekwi akiba popote. Unayanywa saa nne usiku, unayatoa saa nane.

Ukitaka uhakika, tazama rangi. Njano hafifu ni sawa. Mkojo wa kwanza wa asubuhi kukolea ni jambo la kawaida, usikutishe. Ukikolea hadi mchana, kunywa. Na ukiwa mweupe kama maji kutwa nzima, kama ninavyoshuku wako ulivyo, ujue unapitisha tu. (Vidonge vya vitamini B huufanya uwe wa njano inayong'aa, na bitiruti huweza kuufanya mwekundu, kwa hiyo kumbuka ulichokula kabla ya kukimbilia hospitali.)

Najua utasema maji hayajawahi kumdhuru mtu. Yamewahi. Mwaka 2002 watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 mwishoni mwa mbio za Boston Marathon, na asilimia 13 yao sodiamu, yale madini yaliyomo kwenye chumvi, ilikuwa imeshuka chini ya kiwango salama. Waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliomaliza mbio wakiwa wameongezeka uzito, yaani walikunywa kuliko walivyotoka jasho. Sodiamu ikishuka sana, seli za ubongo huvimba, na mtu huanza kwa kuumwa kichwa na kichefuchefu. Wewe hujafika huko, maana unasambaza maji yako kutwa. Ila usije ukajaribu kufidia lita mbili kwa mkupuo mmoja jioni kwa sababu simu imekukumbusha.

Wapo wanaotakiwa kunywa kuliko kiu yao. Baba yako ni mmoja. Alipopata jiwe la figo, daktari alimtaka anywe mpaka mkojo wake ufike lita mbili au zaidi kwa siku, na ushauri huo una msingi: utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 1996 uliwafuatilia wagonjwa wa mawe kwa miaka mitano, na waliokunywa maji mengi yaliwarudia asilimia 12, wengine asilimia 27. Bibi yako naye hangojewi aseme ana kiu, kwa sababu kiu hufifia uzeeni; tunampelekea kikombe kwa saa. Mjamzito na anayenyonyesha nao huongeza. Kinyume chake, mgonjwa wa moyo au wa figo anaweza kuwekewa kikomo na daktari wake, na huyo asiguse ushauri wa mtu mwingine yeyote, hata wangu.

Kuhusu kuamka usiku, fanya hivi: kunywa zaidi asubuhi na mchana, na saa mbili tatu kabla ya kulala uwe unaonja tu. Chai na kahawa za jioni ziache. Ukifanya hivyo kwa wiki mbili na bado unaamka, au kiu haikatiki hata ukinywa, au unapungua uzito bila sababu, nenda ukapime sukari kwenye damu. Sisemi unaumwa. Ni kipimo cha tone la damu na dakika chache, na dalili hizo tatu hazifai kubahatishwa.

Sasa tuje kwenye bakuli lako, maana hapo ndipo penye kazi. Umeniandikia vilivyomo: majani, tango, nyanya, karoti kidogo, ndimu. Tango ni maji kwa asilimia 95 hivi, nyanya haiko mbali. Ukiweka bakuli lote kwenye mizani litaonekana zito, lakini halifikishi hata kilokalori mia moja, nawe umetoka asubuhi na kikombe cha chai. Saa tisa mwili unadai chake. Kichwa kuuma saa hiyo kunaweza kuwa na sababu nyingine pia, macho kukodolea kompyuta au usingizi mfupi, lakini mimi ningeanza na sahani.

Mboga hizo usizitoe. Zibaki nusu ya sahani, pamoja na tunda. Robo moja iwe chakula cha wanga, na kikiwa cha nafaka isiyokobolewa ni bora, kwa sababu sukari yake huingia kwenye damu polepole na nyuzinyuzi zake zinakaa tumboni. Robo iliyobaki iwe maharage, dengu, yai, samaki, kuku, chochote cha protini unachokimudu. Mtu mzima anahitaji kama gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Wewe mwenye kilo 60 unahitaji kama gramu 50. Yai moja lina gramu sita hivi. Hesabu mwenyewe uone tango linakufikisha wapi. Halafu nyunyizia mafuta kidogo, usiyaogope: vitamini A, D, E na K huyeyuka kwenye mafuta, na karoti iliyoliwa kavu kabisa hupitiliza na sehemu kubwa ya faida yake.

Ile ndimu nayo ina kazi kuliko unavyodhani. Madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga za majani mwili huyafyonza kwa shida, na vitamini C huyasaidia kuingia. Chai hufanya kinyume, huyazuia. Mwanamke anayepata hedhi hana chuma cha kuchezea, kwa hiyo chai yako isogeze iwe saa moja hivi baada ya chakula. Uchovu usioisha, ukifuatana na kuhema unapopanda ngazi, unastahili kupimwa wingi wa damu.

Juisi sasa. Najua imeandikwa "haijaongezwa sukari" na wewe umeridhika. Geuza chupa usome nyuma. Kwenye jedwali utakuta sukari gramu kumi hivi kwa kila mililita 100. Chupa yako ni nusu lita, kwa hiyo umekunywa gramu 50, kama vijiko 12 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari huru, yaani ile inayoongezwa kwenye chakula na vinywaji, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu wa kilokalori 2,000 ni gramu 50 zilezile, na ikishuka hadi nusu yake ni bora zaidi. Na sukari ya juisi, hata ya matunda matupu, pamoja na asali, imehesabiwa humo. Ukila chungwa lenyewe hali ni tofauti: nyuzinyuzi zake zipo, unatafuna, na hakuna anayemaliza machungwa matano kwa dakika mbili. Kula tunda, kunywa maji.

Chumvi nitaipitia haraka. Kikomo ni chini ya gramu tano kwa siku, kijiko kimoja cha chai kisichojaa, na watu wazima duniani hula kwa wastani maradufu ya hapo. Nyingi haitoki kwenye kidude cha mezani. Inakuja ndani ya mkate, supu za pakiti na nyama za kopo, kwa hiyo soma nyuma ya pakiti hizo pia.

Ule unga wa madini usinunue. Kwa mtu anayekaa ofisini, chakula kinarudisha chumvi zote alizopoteza. Mahali pake ni kuharisha na kutapika, na hapo tunatumia chumvi maalumu za dukani zinazoitwa ORS, kwa sababu maji matupu hayatoshi: sodiamu na glukosi (aina ya sukari) huvuka ukuta wa utumbo mdogo kwa pamoja, maji yanafuata nyuma yao, na njia hiyo huendelea kufanya kazi hata utumbo ukiwa mgonjwa. Usipozipata, chukua lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, ukoroge mpaka viyeyuke. Kunywa kidogo kidogo. Chumvi usizidishe hata chembe. Kama mgonjwa ni mtoto mchanga, mchanganyiko wa nyumbani usikucheleweshe. Mpeleke kituo cha afya.

Kesho chemsha mayai mawili ubebe na yale maharage yaliyobaki, na juisi iache nyumbani. Wikendi nipigie uniambie saa tisa inakukutaje.

Mama yako