Msiandike "amechanganyikiwa" kabla hamjapima lugha

Wadogo zangu mnaoanza wodi ya neva, kila kundi jipya likiingia, faili zinajaa sentensi ileile: "Mgonjwa amechanganyikiwa." Jamani, neno hilo halimsaidii mtu kwenye raundi. Umakini, lugha na kumbukumbu vina mitandao tofauti ndani ya ubongo, na kila mmoja huweza kuharibika peke yake. Pimeni kimoja kimoja, kwa mpangilio.

1. Sukari kwanza. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nishati. Glukosi (sukari ya damu) ikishuka chini ya 3 mmol/L, mtu anaweza kuropoka, hata kulegea upande mmoja.

2. Umakini kabla ya kumbukumbu. Taja tarakimu moja kila sekunde, naye arudie. Mtu mzima kwa kawaida hushika 5 hadi 7. Kisha azirudishe kinyume. Siku za wiki kinyumenyume ni kipimo chepesi mno kwetu: Jumatano, Jumanne, Jumatatu zimebeba namba ndani yake. Anayeshindwa tarakimu 3 msimpe maneno ya kukumbuka baada ya dakika 5, kwa sababu hayakuingia tangu mwanzo. Henry Molaison, Mmarekani aliyeondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi (sehemu za ubongo zinazohifadhi kumbukumbu mpya) za pande zote mbili mwaka 1953, alishika tarakimu vizuri. Mambo mapya ndiyo hayakubaki.

3. Lugha. Hapa ndipo tunapopoteza wagonjwa, na inauma kwa sababu kosa ni lilelile kila mwaka. Baba analetwa anaongea mfululizo, sauti na lafudhi ni zake, ila maneno hayana maana: "Nipe ile kikolo ya kutandia." Ndugu wanasema majini, wengine malaria imepanda kichwani. Mnampima mikono, yote ina nguvu. Mnasema "fumba macho", anafumba. Basi, anaandikiwa rufaa ya afya ya akili.

Huyo ana kiharusi kilicholeta afasia ya Wernicke (ubongo umeumia sehemu ya kuelewa lugha), iliyoelezwa tangu 1874. Tawi la nyuma la ateri (mshipa wa damu) ya kati ya ubongo limeziba upande wa kushoto, na eneo la mbele linaloendesha mkono limenusurika. Ndiyo maana hakuna kupooza. "Fumba macho" inawadanganya kwa sababu amri za macho na mwili mzima mara nyingi hubaki hata uelewa ukivurugika, tena nusu yenu mnafumba macho yenu mkiwa mnaagiza! Shikeni mikono nyuma, uso utulie, kisha: "Gusa sikio la kushoto kwa kidole cha kulia." Arudie: "Mtoto amekwenda kisimani." Mwonyesheni saa ya mkononi aitaje, halafu mkanda wa saa hiyo, halafu mshale wake. Mpeni kalamu aandike sentensi moja. Aliyechanganyikiwa kweli huyumba saa kwa saa, wa afasia hukosea vilevile asubuhi na jioni. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4.5 tangu alipoonekana mzima mara ya mwisho, kwa hiyo muulizeni ndugu saa hiyo mapema kabisa, mkiwa mnapima sukari.

4. Lugha ya nyumbani. Bibi wa Kisukuma akishindwa maagizo ya Kiswahili, hamjapima ubongo wake. Mwiteni mjukuu atamke agizo kwa Kisukuma, bila kuonyesha kwa mkono.