Korona NL63 kwa mtoto: ndiyo ile ya 2020?

SWALI: Shikamoo daktari. Tuko Muscat. Mwanangu wa miaka miwili na nusu alikuwa na mafua siku mbili. Usiku wa tatu kaamka anakohoa kama mbwa anavyobweka, na akivuta pumzi inalia. Hospitali walimpima puani, karatasi ikaja imeandikwa korona NL63. Wakampa dawa ya maji mara moja tu, tukarudishwa nyumbani. Bibi yake sasa hataki mtoto asogelewe. Ndiyo ile ya 2020? Na mbona hakupewa antibaiotiki?

JIBU: Marahaba, na poleni. Mlio ule ukiusikia mara ya kwanza hulali tena.

Siyo ile. Korona ni ukoo mzima, na wanne kati yao (229E, OC43, NL63 na HKU1) tunaishi nao miaka yote kama mafua. NL63 ilitangazwa Uholanzi mwaka 2004, ilipopatikana kwa mtoto wa miezi saba. Huingia kwenye seli kwa mlango uleule wa kirusi cha Uviko-19, ila makali hawalingani kabisa. Ubaya wake ni kupenda koo la watoto wadogo.

Na koo hilo ni jembamba. Tuseme njia ya hewa ya kichanga ina upana wa milimita 4. Ikivimba milimita moja tu pande zote, zinabaki 2, na hewa hupita kwa shida mara 16 zaidi. Mtu mzima kwa uvimbe huohuo angekauka sauti tu.

Dawa ile nadhani ni deksamethasoni. Dozi moja hushusha uvimbe. Antibaiotiki haiui kirusi, kwa hiyo walifanya vyema kutoitoa.

Msimlize, maana kilio hubana koo zaidi. Mpakate, mnyweshe kidogo kidogo. Sufuria la mvuke achaneni nalo, nimeshaona watoto walioungua.

Akilala, mfunue kifua, shika saa, hesabu pumzi dakika nzima. Kwa umri wake, 40 au zaidi ni nyingi. Zikifika hapo, au mbavu zikibonyea ndani, mlio wa kuvuta pumzi ukisikika hata akiwa ametulia, akidondokwa mate, akishindwa kunywa au midomo ikigeuka rangi, nendeni hospitali usiku huohuo.

Bibi mwambieni ampakate mjukuu wake, anawe mikono tu. Mwenye kutengwa naye ni kichanga, kama mnaye nyumbani. Na kikohozi kikirudi usiku wa leo msishangae, kwa kawaida hubweka siku mbili tatu.